Makabati ya jikoni Mamboleo: shajara ya bodi nyeupe

Jumamosi, asubuhi

Kazi ni jikoni kwa shemeji yangu, Mamboleo hapa Kisumu. Makabati matatu ya chini, kila moja upana wa milimita 600, juu yake meza ya fomaika, ile karatasi ngumu ya kubandikwa juu ya bodi, yenye tundu la sinki. Shemeji anataka nyeupe. "Nataka kitu nikipitisha kitambaa kimeisha. Sitaki mbao ya kunywa mafuta ya samaki."

Mimi nimezoea mbao halisi: mvule, mahogani, saipresi. Melamaini, hii bodi yenye ngozi nyeupe, nimeikwepa miaka yote kwa sababu moja, msumeno wangu huimega. Ukingo wa saipresi ukimeguka unapiga randa mara mbili, mambo yamekwisha. Bodi nyeupe ikimeguka, imemeguka. Hakuna randa ya kuirudishia ngozi.

Bodi ni tatu, unene wa milimita 18, futi nane kwa nne, nyeupe pande zote mbili. Nimezileta kwa mkokoteni, zimefunikwa nailoni. Mwenye mkokoteni alinicheka kwa sababu jua lilikuwa kali. Tulipofika Kondele mawingu yalishajikusanya upande wa milima ya Nandi, na hatukumaliza kupanda kabla mvua haijashuka. Hakucheka tena. Ndani ya ile ngozi kuna chembe za mbao zilizoshikwa na gundi tu. Maji yakiingia ukingoni, bodi huvimba kama andazi, na uvimbe huo haurudi hata ukiianika wiki nzima.

Jumamosi, jioni

Hesabu. Ubavu wa kabati ni 720 kwa 560. Bodi ina upana wa 1220, kwa hiyo napata mikanda miwili ya 560, na msumeno unakula milimita 3 kila unapopita. Unabaki ukanda wa 94, huo utakuwa kizuizi cha chini kwenye miguu. Kwa urefu, 2440 inanipa vipande vitatu vya 720 na bakshishi ya 271. Bodi moja, mbavu sita, makabati matatu. Rafu na sakafu ni 564: 600 ukitoa unene wa mbavu mbili.

Hizo milimita 3 za msumeno nimezitilia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Nilishawahi kuchora alama zote kwa mpigo, 720, 1440, 2160, nikakata nikifuata mistari. Cha kwanza kilitoka 720, vya pili na tatu 717. Kabati lile lilisimama limeinamisha bega.

Jumapili

Nimekwenda Kibuye kutafuta bledi, na kumwona mzee aliyenifundisha kushika patasi. Nilibeba mashine yangu, msumeno wa duara wa mkononi, na kipande nilichokuwa nimekijaribu jana usiku. Ukingo wa kipande chenyewe ulikuwa kama mahindi yaliyoguguniwa na panya.

"Jaduong', habari ya asubuhi?"

"Njema, kijana. Leta nione." Akapitisha kidole gumba ukingoni. "Ulikata uso ukiangalia wapi?"

"Juu, mzee. Ndio nione mstari."

Hakunijibu. Alichukua mashine, akaangalia waya kwanza. Plagi ilikuwa inaning'inia, haikuchomekwa popote, lakini aliikunja akaitia mfukoni mwa suruali yake, mashine ikiwa bado mkononi. Ndivyo afanyavyo kila anapogusa bledi. Plagi ikiwa mfukoni mwako, hakuna mtoto wala mpita njia atakayeichomeka kwa bahati mbaya.

Halafu akaona ule waya wa kufungia nondo. Mashine niliinunua kuukuu, na aliyeniuzia alikuwa ameikaza kwa waya huo ile kinga ya chini ya bledi isijifunge, ili aone bledi vizuri. Nami niliiacha vilevile. Mzee akachukua koleo, akaukata waya, kinga ikarudi *tap!* ikaifunika bledi. Akaivuta na kuiachilia mara tano sita, akapuliza vumbi kwenye springi yake. Hakunisema neno. Afadhali angenisema.

Ndipo akaizungusha bledi kwa kidole, polepole. "Jino linaingia wapi? Linatokea wapi?" Kwenye msumeno wa duara wa mkononi, jino la mbele huingia chini ya bodi na kutokea juu. Linapoingia, ngozi inasukumwa kwenye mbao, ina pa kuegemea. Linapotokea, linaisukuma nje na hakuna kinachoizuia, kwa hiyo inabanduka. Upande unaomeguka ni ule jino linapotokea. Nilikuwa nauweka uso mzuri juu kabisa, mahali pa kuumia.

Basi kwa mashine ya mkononi uso hulala chini. Jigiso, ule msumeno wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka, ni hivyo hivyo, maana jino lake hukata likivutwa juu. Msumeno wa mkono wa kawaida hukata ukisukumwa chini, kwa hiyo uso uwe juu. Mashine ya meza nayo ni kinyume cha ile ya mkononi, meno yanashuka upande wako, uso juu.

"Na bodi nyeupe pande zote mbili je?"

"Hapo sasa ndio kuna kazi," akasema, akacheka.

Akanieleza kuhusu mashine kubwa za karakana, zile zenye bledi ndogo inayotangulia kubwa. Ile ndogo huzunguka kinyume na hukwaruza milimita moja au mbili tu upande wa chini, halafu kubwa inakuja nyuma yake kwenye mfereji uliokwisha kuchimbwa. Nilizijua. Karakana moja ya mjini ilinikatia bodi mwaka jana, zikarudi zimemeguka chini kote, kwa sababu bledi ndogo ilikuwa imekaa kando ya mstari wa kubwa kwa kiasi cha unene wa kadi. Nililipia bodi na kukata, na hasara ikabaki kwangu. Hiyo ndiyo sababu ya kukata mwenyewe safari hii.

Bledi nimepata: milimita 185, meno 60, ncha za kabaidi. Ile yangu ya zamani ina meno 24, ni ya kupasua mbao kwa urefu. Kabla ya kulipa nilisoma kasi iliyoandikwa juu ya bledi, ipite kasi ya mashine yangu, nikajaribu na tundu la katikati lisichezecheze. Meno yapate kushika, bledi isiyumbe.

Jumatatu

Nimetengeneza reli. Ubao wa chini ni plaiwudi ya milimita 6, juu yake nimegundisha na kupigilia ukanda ulionyooka wa plaiwudi ya 12. Mashine inaegemea ukanda wa juu. Ubao wa chini niliuacha mpana kupita kiasi, halafu nikapitisha mashine mara moja kwa urefu wote, ikaukata yenyewe. Sasa ukingo wa reli ndio mahali bledi inapopita hasa. Unaweka ukingo kwenye alama, unakaza klampu mbili, unakata. Hakuna kupima umbali wa kitako cha mashine na kujumlisha kichwani.

Faida ya pili ni kwamba ule ukingo unaikandamiza ngozi ya bodi palepale jino linapotokea. Ni sawa na kuweka kidole juu ya ngozi isibanduke, ila kidole hiki hakina damu.

Reli ni ya bledi hii tu. Nikirudisha ile nene, itaila.

Jumanne

Siku ya majaribio. Vipande vinne vya mabaki, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli.

A: bledi ya 24, uso juu, bila chochote. Mameguko ya hadi milimita 5. Hiki nimekitoboa tundu nikakitundika ukutani.

B: bledi ya 60, maskingi tepu juu ya mstari. Mameguko madogo kama punje za sukari. Tatizo la tepu ni kuibandua. Ukiivuta kwa pupa inakuja na ngozi. Niligundua ni heri kuivuta taratibu, kuielekeza upande uliokatwa.

C: nimekwaruza mstari kwa kisu mara tatu nikifuata rula ya chuma, halafu nikakata ubavuni mwake. Pamenyooka vizuri kwa futi mbili za kwanza. Baadaye mashine ikahama nusu milimita, mkwaruzo ukawa hauna kazi, ikameguka kama kawaida. Kisu kinafaa ukiwa na mkono usiotikisika. Wangu nimeshaujua.

D: reli, mapito mawili. La kwanza nimeishusha bledi milimita 2 tu ndani ya bodi, nikapita mwanzo hadi mwisho. La pili nimeishusha hadi ipite chini ya bodi kwa milimita 4 hivi, reli ikiwa haijasogezwa hata kidogo.

D imetoka safi pande zote mbili.

Nimekaa nayo mlangoni nikiigeuzageuza. Chini ni safi kwa sababu meno yanaingilia hapo. Juu ni safi kwa sababu bledi iliyoshushwa kidogo tu, meno yake hupita karibu kulala na uso, yanafyeka kwenda mbele badala ya kuchokonoa kwenda juu. Pito la pili linapokuja, ngozi imeshakatwa. Ni kazi ya ile bledi ndogo ya karakana, ila mimi natumia moja mara mbili.

Kijana wangu wa mkono akauliza, "Fundi, si ingekuwa haraka lile pito la kwanza ukilifanya ukirudi nyuma?" Kuna wanaofanya hivyo. Ukiivuta mashine kinyume, bledi inataka kutambaa yenyewe juu ya bodi kama gurudumu, na wewe ndiye breki. Hapana. Mbele mara mbili.

Jumatano

Leo nusura.

Bodi nimeilaza chini juu ya mbao nne za inchi mbili kwa mbili, mbili upande huu wa mstari na mbili upande ule, ili vipande vyote vikae vilipo hata baada ya kuachana. Bodi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Kwenye ya tatu, mbao moja ya chini ilisogea wakati wa kugeuza, sikuitazama. Kipande cha nje kikabaki kinaning'inia kama shubiri mbili.

Nilikuwa nimevuka nusu ya pito la pili. Kijana akaona kile kipande kinaanza kuinama, na kwa moyo wake mwema akakishika kwa chini akakiinua. Sauti ya mashine ikabadilika papo hapo, ikawa nzito, kama mtu aliyebanwa koo. Halafu ikanirukia. Ilipanda juu ya reli, ikarudi nyuma urefu wa mkono, ikaangukia bodi. Kinga ikafunga *tap!* Nilikuwa nimeachia kitufe bila kukumbuka kukiachia.

Kipande kikining'inia na kushuka, mfereji wa msumeno hufunguka juu. Ubaya wake ni kwamba mwishoni hukatika kwa uzito na kuchana ngozi. Kikiinuliwa, mfereji hufunga juu na kuibana bledi kama jiliwa. Bledi inayozunguka mara maelfu kwa dakika haikubali kubanwa, inaitupa mashine kwa anayeishika. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mstari, si nyuma yake, na hilo nilifanya kwa mazoea tu. Na kinga ilikuwa huru. Jumamosi iliyopita kinga ingekuwa imefungwa kwa waya.

Tulikaa chini ya mwembe robo saa. Kijana alikuwa anatetemeka kuliko mimi, akaniomba msamaha kama mara kumi. Nikamwambia kosa ni la aliyepanga mbao. Tangu leo kazi yake wakati wa kukata ni moja, kusimama karibu na plagi. Hata bodi ikishika moto, asiiguse.

Kile kipande kimepata alama ya nusu duara ukingoni, imemeguka urefu wa kiganja. Ni ubavu wa kabati la tatu. Nimepanga uelekee ukutani, upande wa friji.

Alhamisi

Mvua, stima ikapotea nikiwa katikati ya mstari. Nimeachia kitufe, nikangoja bledi itulie, nikachomoa plagi. Mashine yangu ina kile kijipini cha kufunga kitufe kisirudi. Stima ikirejea wakati kimefungwa, mashine inaanza kukimbia peke yake. Stima imerejea saa kumi na moja jioni. Hakuna kilichokatwa.

Ijumaa

Vipande vyote vimekamilika. Vumbi ni jingi kuliko nilivyodhani, na ni laini, linaelea hewani muda mrefu baada ya mashine kunyamaza. Nimekuwa nikijifunga leso puani miaka yote. Leso huzuia mapande tu. Unga laini ndio unaopita. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na fomaldehaidi, iliyomo kwenye gundi ya bodi hizi, ikafuata mwaka 2004. Nimenunua barakoa za N95, mbili, moja ya kijana. Tunakatia nje, upepo ukitoka mgongoni. Miwani ninayo. Pamba za masikio pia, kwa sababu bledi hii ya meno mengi inalia kwa sauti nyembamba inayobaki kichwani hadi usiku. Glavu navaa kubebea bodi, navua kabla ya kuwasha. Uzi wa glavu ukishikwa na bledi, mkono unafuata.

Jioni: kubandika utepe wa kufunika ukingo kwa pasi. Stima ilikuwa imekwenda tena, nikatumia pasi ya makaa ya shemeji. Inafanya kazi, ila haina namba. Ukingo wa kwanza umeungua ukawa rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo nimeweka karatasi katikati ya pasi na utepe. Masalio ya utepe nayapunguza kwa tupa, nikisukuma kuelekea ndani ya bodi tu. Ukirudisha tupa nyuma huku imegusa, unaubandua.

Jumamosi

Fomaika. Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1912 wahandisi wawili wa Pittsburgh, Marekani, Daniel O'Conor na Herbert Faber, walitafuta kitu cha kuzuia umeme badala ya madini ya mika. "Badala ya mika" kwa Kiingereza chao ni *for mica*, ndipo likatoka jina. Ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa utomvu wa viwandani zikabanwa kwa joto na shinikizo. Huko jikoni ilifika baadaye.

Unene wa hii yangu ni kama milimita moja tu, kwa hiyo msumeno wa nini. Unakwaruza uso wa rangi kwa kisu chenye ncha ya ndoano, ukifuata rula, mara nne au tano hadi uone rangi ya kahawia chini. Halafu unakandamiza rula na kuinua upande wa kukatwa *kwenda juu*, kuelekea uso. Inakatika kwa mlio mmoja. Kipande cha kwanza nilikikunja chini, kwa mazoea ya kioo. Mpasuko ukahama ukaenda zake ndani ya rangi. Ukingo wake mpya ni wembe; kijana ana plasta kidoleni.

Nimekata kubwa kuliko meza kwa milimita 10 kila upande. Gundi ya kontakti inapakwa pande zote mbili, na hapo ndipo wengi huharakisha. Ingoje hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole haikushiki. Leo, kwa joto hili, dakika kumi. Ikigusana imegusana, hakuna kusogeza. Kwa hiyo nimepanga fito juu ya meza, fomaika juu ya fito, nikailinganisha, nikachomoa fito moja moja kuanzia katikati huku kijana akikandamiza kwa gogo lililofungwa kitambaa.

Kabla ya yote hayo nimemwomba shemeji ahamishe jiko. Alikuwa anakaanga omena hatua sita kutoka nilipofungua mkebe.

"Shemeji, moshi wa omena utaharibu gundi?"

"La, gundi ndiyo itatuharibu sisi. Mvuke wake unawaka kama petroli."

Alihamisha jiko, mafuta, sufuria na kiti chake hadi nyuma ya choo, na kutoka huko akawa anauliza kwa sauti kila dakika mbili kama tumemaliza.

Masalio ya ukingoni nimeyapunguza kwa rauta, mashine ya kunyoa kingo, yenye biti ya beringi. Dakika tano. Kazi tamu kuliko zote za wiki hii.

Jumatatu

Tundu la sinki. Pembe nne nimezitoboa kwanza kwa keekee, tundu la milimita 12 kila moja, ndipo jigiso ikapita kutoka tundu hadi tundu. Pembe kali ya ndani ndipo fomaika huanzia kupasuka, miezi baadaye, mtu akiegemea meza. Bledi ya jigiso ni ile ya meno yaliyogeuzwa, inayokata ikishuka, kwa sababu hapa siwezi kulaza uso chini. Inaisukuma mashine juu, lazima uikandamize. Kabla ya mstari wa nne nimepigilia ukanda wa mbao juu ya kipande cha katikati kisidondoke na kuchana. Safi.

Jumatano

Makabati yamesimama, yamefungwa ukutani, pima maji imekubali. Shemeji amepita na kiganja chake ukingo baada ya ukingo, bila haraka, kama anayechagua kitambaa sokoni. Milango, rafu, kizuizi cha chini. Amenyamaza hadi mwisho. Halafu akapenyeza mkono kwenye kile kiupenyo kati ya kabati la tatu na mahali pa friji, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuweza kuingiza tupa.

"Shemeji," akasema, "hapa pameumwa na nini?"

Nimebakiwa na ule ukanda wa 271. Hautoshi ubavu. Kesho naenda kununua nusu bodi.